Hifadhi za Ziwani na Deni la Waliohama

Kila mkazi wa Nyamagana anakifahamu kisiwa cha Saanane, kwa kuwa kutoka Capri Point safari ya mashua haizidi dakika chache. Lakini wengi wanaolitaja jina hilo hawajui kwamba ni jina la mtu. Mzee Saanane Chawandi alikuwa mvuvi na mkulima aliyeishi kisiwani humo. Serikali ilipokihitaji kisiwa, mzee huyo alihamia bara, na mwaka 1964 ikaanzishwa huko bustani ya kwanza ya wanyama nchini. Mwaka 1991 kisiwa kikawa pori la akiba, na mwaka 2013 kikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa. Pamoja na visiwa vingine viwili vidogo na maji yake, hifadhi hiyo ina kilomita za mraba 2.18 tu.

Tunayakumbusha haya kwa sababu kila hifadhi ina historia mbili: ya wanyama waliobaki na ya watu waliohama. Ya kwanza husimuliwa kwa kila mgeni. Ya pili husahaulika, na kusahaulika kwake ndiko kunakozaa manung'uniko baina ya wananchi na askari wa wanyamapori.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Marekani ndiyo inayosifiwa kwa kuanzisha utaratibu wa hifadhi za taifa, pale Rais Ulysses Grant alipotia sahihi sheria ya Yellowstone tarehe 1 Machi 1872. Eneo hilo, lenye karibu kilomita za mraba 9,000, lilisemwa kuwa ni pori tupu lililotengwa kwa manufaa ya umma. Halikuwa tupu hata kidogo. Waliishi humo Washoshone, na makabila mengine ya wenyeji yalipita na kuwinda humo. Waliondolewa na kupelekwa katika maeneo waliyotengewa, na tangu mwaka 1886 ulinzi wa hifadhi ukakabidhiwa jeshi. Idara ya raia ya kusimamia hifadhi hizo iliundwa baadaye sana, mwaka 1916.

Mfano unaofanana zaidi na wetu ni kisiwa cha Isle Royale, katika Ziwa Superior. Ziwa hilo ndilo linaloongoza duniani kwa ukubwa miongoni mwa maziwa ya maji baridi, na Ziwa Victoria hulifuata. Bunge la Marekani liliidhinisha hifadhi ya Isle Royale mwaka 1931, nayo ikaanzishwa rasmi mwaka 1940. Kisiwani palikuwa na familia za wavuvi. Wengi waliokuwa na mali huko walikubaliwa kuendelea kuitumia muda wote wa uhai wao, lakini watoto wao hawakuweza kurithi. Wazee walipofariki, makazi yakawa mahame. Kambi moja ya uvuvi imehifadhiwa ili wageni waone jinsi watu hao walivyoishi. Tunaona kwamba utaratibu huo ulikuwa na huruma zaidi kuliko ule wa Yellowstone, ingawa haukuondoa uchungu wa kupoteza nyumbani.

Sasa tutazame Rubondo. Kisiwa hicho kilifanywa pori la akiba mwaka 1965, na mwaka 1977 kikawa Hifadhi ya Taifa, yenye eneo la kilomita za mraba 456 na zaidi, nchi kavu pamoja na maji. Wakazi wake, wavuvi na wakulima, walihamishiwa visiwa jirani na bara. Kati ya mwaka 1966 na 1969 waliletwa sokwe kutoka bustani za wanyama za Ulaya, kwa jitihada za Profesa Bernhard Grzimek. Sokwe hao waliozoea vizimba walijifunza upya maisha ya msituni na wakazaliana. Hiyo ni sifa kubwa kwa nchi yetu.

Lakini faida iliyo kubwa zaidi kwa mwananchi wa kawaida imo majini. Katika maji ya Rubondo uvuvi umepigwa marufuku, na humo sato na sangara huzaliana bila kusumbuliwa. Samaki hawajui mpaka. Wakiongezeka, hutoka na kuwafikia wavuvi wa nje. Kwa hiyo anayeingiza kokoro katika mazalia hayo usiku haiibii Serikali peke yake, bali anamwibia pia jirani yake wa Maisome au Kome, na anawaibia watoto wake mwenyewe.

Hata hivyo, si haki kumwambia mvuvi wajibu wake bila kumtajia stahili yake. Maoni yetu ni kwamba wenye madaraka wana mambo matatu ya kutekeleza. Kwanza, mipaka ya majini iwekewe maboya yanayoonekana, na ielezwe katika kila mwalo kwa lugha ya wavuvi, si kwa ramani zinazofungiwa ofisini. Pili, mvuvi aliyesukumwa na dhoruba hadi ufukoni mwa hifadhi atendewe kama mtu aliyenusurika, na asihesabiwe kuwa jangili mpaka ushahidi upatikane. Tatu, ajira na miradi ya ujirani mwema ianze na vijana wa visiwa vilivyowapokea waliohamishwa. Aidha, majina ya familia zilizotoka Rubondo yakusanywe na kuandikwa ilhali wazee wanaokumbuka wangalipo.

Nanyi wananchi wa visiwani hamna budi kuzilinda hifadhi hizi kama mali yenu, kwa maana ni mali yenu kweli. Zililipiwa kwa mashamba, mialo na makaburi yaliyoachwa nyuma.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wanakuja Saanane na Rubondo. Iliyobaki ni kazi ya viongozi kuhakikisha kwamba mwenyeji naye anapona.