Likizo Iliyouzwa

Desemba iliyopita mjukuu wangu hakuja nyumbani. Kwa mtu asiyetoka upande wetu wa Mlima Kilimanjaro huenda hilo likaonekana jambo dogo. Kwetu sisi, mwezi wa kumi na mbili ndio mwezi wa kurudi. Mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, viti hugombewa, na vihamba vilivyokaa kimya mwaka mzima husikika tena sauti za watoto. Nilikuwa nimekwisha kumchongea kijana huyo mpini wa jembe, kwa maana tulikubaliana angenisaidia kuzibua mfereji. Badala yake nilipigiwa simu na mama yake, ambaye ni binti yangu.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba mwanangu. Mnapanda lini?"

"Baba, mwaka huu mtatusamehe. Mtoto yuko kambi. Ana usaili wa kidato cha kwanza katikati ya mwezi, na akikosa hapo kuna mwingine kabla ya mwaka mpya."

"Si amemaliza mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa?"

"Amemaliza, Baba. Lakini ule ni wa serikali. Huu ni wa shule."

Naandika sura hii kwa hasira, wala sioni haya kusema hivyo. Hata hivyo sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mimi mwenyewe, kama msomaji atakavyoona mbele.

Kwanza nieleze jambo lenyewe kwa wale ambao watoto wao wamekwisha kukua. Mtihani wa taifa wa kumaliza elimu ya msingi hufanyika Septemba. Kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati ipo miezi mitatu na zaidi, ambayo zamani ilikuwa mapumziko marefu kuliko yote katika maisha ya mwanafunzi. Sasa shule nyingi za sekondari za binafsi hutunga mitihani yao wenyewe ya kuchuja watoto, na kando ya mitihani hiyo imeota biashara ya kuwaandaa watoto hao, ile inayoitwa mitaani "prifomu wani". Matangazo yake yamebandikwa kwenye nguzo za umeme na kuta za vituo vya mabasi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na biashara hii inatembea sana.

Mjukuu wangu ana miaka 13. Wiki moja baada ya mtihani wa taifa aliingizwa darasani tena, Jumatatu hadi Jumamosi, asubuhi mpaka alasiri. Novemba ilipokwisha akahamishiwa kambi, yaani bweni. Mtoto aliyesoma miaka saba akaambiwa kwamba miaka ile haitoshi, ila miezi hii mitatu itatosha. Mimi nilifundisha kwa zaidi ya miaka arobaini, na sijapata kuona hesabu ya namna hiyo ikitoa jibu sahihi.

Wapo watakaoniambia: "Mzee, hata enzi zenu mlichujwa." Ni kweli, tena tulichujwa vibaya. Mimi nilifanya mtihani wa darasa la nne mwaka 1961, mwaka ambao Tanganyika ilipata uhuru. Tulioendelea na darasa la tano tulikuwa wachache, na wenzetu wengi walirudi mashambani wakiwa na miaka kumi au kumi na miwili. Lakini sababu ya mchujo ule ilikuwa wazi kwa kila mtu: nafasi hazikuwapo. Nchi ilikuwa na shule chache, walimu wachache na fedha kidogo. Ulikuwa uonevu wa ufukara, na Serikali huru ilijitahidi kuuondoa.

Leo hali si hiyo. Tangu mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari uanze mwaka 2004, shule za kata zimejengwa nchi nzima. Tangu Januari 2016 mzazi halipi ada kwa kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali. Mtoto akifaulu darasa la saba hupangiwa shule. Sisemi shule hizo hazina upungufu. Upungufu upo, na mwalimu mstaafu anaujua kuliko wengi. Ninachosema ni kwamba mchujo wa leo hausababishwi na uhaba wa madawati. Unasababishwa na hamu ya shule kuchagua watoto ambao tayari wamekwisha kufundishwa, ili miaka minne baadaye itangaze matokeo mazuri na kudai kuwa ni kazi yake. Seremala anayepokea mbao zilizokwisha kupigwa randa hana haki ya kujisifia randa yake.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu. Nilistaafu mwaka 2011. Pensheni yenu mnaifahamu, ndugu zangu walimu. Mwaka uliofuata shule moja ya binafsi, ambayo sitaitaja, iliniita niwe mmoja wa wasimamizi wa usaili. Nilikubali. Katika eneo lile lile la shule, kuanzia Septemba, tuliendesha masomo ya maandalizi. Nayo nikayafundisha. Yaani asubuhi tulimuuzia mzazi maandalizi, na jioni tulikaa kutunga mtihani ambao mtoto wake anaandaliwa. Mwamuzi na kocha walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alilipwa mara mbili.

Hatukuiba mtihani, wala hatukumwonyesha mtoto yeyote karatasi. Haikuhitajika. Mwalimu akifundisha wiki kumi na mbili kwa mifano aliyonayo kichwani, kisha akatunga maswali kwa kichwa kile kile, maswali yatafanana na mifano. Aliyekaa darasani mwetu alikuta mtihani umemzoea. Aliyetoka mbali na kufika siku ya usaili tu aliukuta kama mgeni mlangoni.

Mwaka mmoja alikuja mvulana na mama yake. Walikuwa wamelala kwa ndugu mjini ili wawahi. Mtoto alisoma shule ya msingi ya serikali, iliyofundisha kwa Kiswahili kama sera inavyotaka. Karatasi yetu ya hisabati ilikuwa kwa Kiingereza. Hesabu za tarakimu tupu alizipata zote. Zile za maneno aliziacha wazi, moja baada ya nyingine. Mchana, katika mahojiano ya ana kwa ana, nilimsomea mojawapo kwa Kiswahili: tangi linajazwa na bomba moja kwa saa tatu na jingine kwa saa sita, je, yote mawili yakifunguliwa pamoja litajaa kwa muda gani? Aliangalia dari kidogo, akasema, "Saa mbili, Mwalimu." Hakushika kalamu.

Nilitia sahihi orodha ambayo jina lake halikuwamo. Mama yake alinisubiri nje, akaniuliza kwa adabu, "Mwalimu, kwani mwanangu hajui hesabu?" Nikamjibu kwamba nafasi zimejaa. Zilikuwa hazijajaa. Sijui mvulana yule yuko wapi leo, na sitaki msomaji anifariji kwa kudhani kuwa alifanikiwa kwingine. Mimi nilikuwa mwalimu, nikaona akili mbele yangu, nikaifungia mlango kwa sababu haikupitia dukani kwetu. Niliendelea na kazi ile mwaka mmoja zaidi kabla ya kuiacha, na hilo nalo naliungama.

Nitakuwa mkweli pia kwa upande wa pili. Wazazi wanaolipia masomo haya si wajinga wala si wenye majivuno. Mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili miaka saba anaingia kidato cha kwanza, na ghafla biolojia na jiografia zinasema Kiingereza. Hilo ni shimo la kweli, na mzazi anayeona mwanawe anakaribia shimo atatafuta daraja, hata la kununua. Lakini daraja hilo ni wajibu wa shule inayompokea mtoto. Kwa miaka mingi wiki za mwanzo za kidato cha kwanza zimetengwa kumzoesha mwanafunzi lugha hiyo. Shule ikiyafanya masomo hayo kwa moyo, Januari na Februari, mtoto atavuka. Shule inayotaka mtoto awe amekwisha kuvuka kabla hajafika inamtupia mzazi mzigo wake yenyewe, kisha inamdai ada ya kuubeba.

Tena, kujifunza Kiingereza ni jambo moja, na kukaririshwa majibu ya usaili ni jambo jingine. Nilimwuliza mjukuu wangu kwa simu wanafundishwa nini. Akanijibu, "Babu, tunafanya karatasi za miaka iliyopita." Nikamwuliza kama anasoma kitabu chochote cha hadithi, cha lugha yoyote. Akasema muda hakuna.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea aliyoitoa Machi 1967, alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe ngazi tu ya kupandia sekondari. Niliingia chuo cha ualimu mwaka uliofuata, na waraka ule tuliusoma mpaka ukachakaa. Mkufunzi wetu wa malezi alituambia kuwa mtihani ni kioo cha mwalimu: ukiwasahihisha watoto, tazama kwanza wewe umefundisha nini. Leo tumekigeuza kioo hicho kuwa chekeche. Na likizo, ambayo ilikuwa muda wa mtoto kuishi na yale aliyofundishwa, tumeiweka sokoni.

Watu hudhani likizo ni kutofanya kitu. La hasha. Katika mfereji wetu maji hugawanywa kwa zamu, na zamu ina saa zake. Anayefungua kabla ya saa yake hujibu mbele ya wenzake. Mtoto akishiriki kazi hiyo kwa mwezi mmoja hujifunza mwinamo wa ardhi, kugawa muda, kusema na watu wazima, na kungoja. Hakuna karatasi ya miaka iliyopita inayofundisha kungoja.

Majirani zetu wa Kenya waliandika katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kwamba masomo ya ziada ya likizo ni marufuku. Sheria hiyo haikuumaliza mchezo, lakini angalau imeuita kwa jina lake. Kwetu, mwaka 2023 Serikali ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa madarasa ya awali hadi darasa la nne, ili watoto wadogo wapate malezi ya nyumbani. Nilifurahi. Ila nauliza: mtoto wa miaka 13, aliyemaliza ngazi nzima ya masomo, hastahili hata Desemba moja ya malezi hayo?

Nina mapendekezo matatu tu. Shule inayotunga mtihani wa kujiunga isiruhusiwe kuuza maandalizi ya mtihani huo, wala walimu wake wasiruhusiwe. Usaili wa mtoto aliyesoma kwa Kiswahili ufanywe kwa Kiswahili, isipokuwa somo la Kiingereza lenyewe. Na wazazi, mkipelekewa matokeo mazuri ya shule fulani, ulizeni swali moja: watoto hawa mliwachagua vipi? Shule nzuri ni ile inayomwinua mtoto ambaye haikumchagua. Walimu wa shule za kata wanaofanya hivyo kila mwaka, bila bango na bila sherehe, ndio walimu wa kweli wa nchi hii.

Mjukuu wangu alipata nafasi katika usaili wa pili. Nilimpongeza, kwa maana kosa si lake. Mama yake alifurahi hadi akalia, na sikutaka kumharibia siku. Mfereji niliuzibua na kijana wa jirani, mwenye umri ule ule, aliyekuwa akingoja kuanza shule ya kata. Tulifanya kazi siku nne. Siku ya mwisho alinipangia zamu za nyumba zote kwenye kipande cha karatasi, saa kwa saa, bila kosa. Nilimpa ule mpini. Nimemwambia pia aje jioni tusome Kiingereza pamoja, naye huja, na mimi silipwi.