Goma hadi Kinshasa: safari ya magharibi inayoanzia mashariki

Kutoka Goma hadi Kinshasa ni takriban kilometa 1,560 angani, mwendo usiofika saa tatu kwa ndege ya moja kwa moja. Lakini tangu wapiganaji wa M23 walipouteka mji huo mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wake umefungwa kwa ndege za abiria, na barabara ya kuaminika ya kuvuka nchi hiyo haipo.

Msafiri huvuka mpaka hadi Gisenyi, hupanda gari hadi Kigali, kisha huruka, kwa mfano, hadi Nairobi, akiupa mgongo mji mkuu wake, kabla ya kurejea magharibi juu ya nchi ileile aliyoiacha. Angani peke yake ni karibu kilometa 3,200, maradufu ya njia ya awali. Ndege za Rwanda, ambazo zingefupisha mzunguko huo, zilipigwa marufuku katika anga la Kongo mwezi Februari 2025.

Mwezi Oktoba mjini Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kuwa uwanja wa Goma ungefunguliwa kwa ndege za misaada, M23 ikapinga. Hata lingetekelezwa, tangazo hilo halikumtaja abiria wa kawaida, ambaye sasa anahitaji pasipoti ili kutoka mji mmoja wa nchi yake kwenda mwingine.