Kijibwa Kama cha Staa, Halafu Unamwacha Azae Kwanza?

Jamani, kuna dada mmoja maarufu wa mjini, jina kapuni, kila picha yupo na kijibwa chake cha manyoya kwenye mkoba. Kinapendeza, sikatai. Sasa hata huku Mwamapalala watu wameanza kuiga, na hapo ndipo nina neno.

Mbwa wa mbegu ndogo huwahi. Jike anaweza kupata joto la kwanza akiwa na miezi 6 tu, wewe bado unamwita mtoto. Na huku kwetu mbwa wa kuchungia ng'ombe hawafungwi, uzio wenyewe wa minyaa. Dume likishanusa, limeshapita. Kijike cha kilo 3 kikibeba mimba ya jibaba lile, watoto wanaweza kukwama, na mimba ya mbwa ni siku 63 hivi tu. Hapo ndo utamtafuta daktari wa mifugo usiku wa manane.

Eti "mwache azae mara moja kwanza". Kwa faida gani? Kiafya hakuna. Mimi nasema mbwa mdogo atolewe kizazi kwenye miezi 5 au 6, kabla ya joto. Inapunguza hatari ya uvimbe wa matiti, na ule usaha wa kizazi unaoua majike wazee anausahau. (Mbwa wa mbegu kubwa ndio mara nyingi husubirishwa.)

Joto limeshaanza? Usikimbilie kisu, mishipa imejaa damu. Mfungie ndani wiki 3, kisha subiri miezi 2 hadi 3.

Gharama inauma, sawa. Ila hela ya kumnunulia kigauni ilipatikana, au nasema uongo?