Manly: bahari ya bure, kitanda cha mamilioni

SI ajabu siku hizi kusikia kwamba mtoto wa jirani amepata nafasi ya kusoma Australia. Harambee hufanywa, mzee huuza kipande cha shamba, na picha ya kwanza inayorudi nyumbani huwa ni ya ufuo wa bahari. Kijana wetu amesimama mchangani akitabasamu, mawimbi nyuma yake. Mama huionyesha picha hiyo kanisani na sokoni, akiamini kwamba mwanawe anaishi papo hapo.

Leo hebu tuutazame ufuo mmoja wa aina hiyo, ili picha isitupotoshe.

Mtaa wenyewe unaitwa Manly na uko jijini Sydney. Jina hilo lilitolewa na Gavana Arthur Phillip mwaka 1788, alipouona ujasiri wa kiume wa wenyeji aliowakuta huko. Reli haifiki Manly. Aendaye kwa gari huvuka daraja la Spit, ambalo huinuliwa ili mashua zipite huku madereva wakingoja. Lakini kuna feri. Unaipanda Circular Quay katikati ya jiji, na baada ya kama nusu saa unashuka. Unafuata barabara ya Corso kwa miguu, dakika chache tu, na bahari kuu iko mbele yako.

Aliyeianzisha biashara ya mahali hapa ni Henry Gilbert Smith, mfanyabiashara kutoka Uingereza. Katika miaka ya 1850 alinunua ardhi, akajenga gati na hoteli, akapanda misonobari ya Norfolk kandokando ya ufuo. Alikuwa akiwauzia watu wa jiji hewa safi.

Kuoga baharini mchana, hata hivyo, kulikuwa ni kosa la sheria. Mwaka 1902 mwandishi wa habari mwenzetu, William Gocher, alitangaza gazetini mwake kwamba ataingia majini mchana kweupe, na akaingia. Mwaka uliofuata baraza la mji likalegeza amri, mradi muogaji awe amejisitiri tangu shingoni hadi magotini. Kuanzia hapo watu walifurika, na wengine wakazama. Ndipo vyama vya waokoaji wa kujitolea vilipozaliwa katika fuo za Sydney. Hadi leo utawaona wikendi za kiangazi, vichwani wamevaa kofia nyekundu na manjano, wakilinda watu wanaoogelea kati ya bendera mbili. Hawalipwi hata senti.

Tena kulikuwa na maji taka. Kwa miaka mingi uchafu wa sehemu kubwa ya jiji ulimwagwa baharini chini ya majabali ya North Head, karibu kabisa na Manly. Baadhi ya ile misonobari ilinyauka kwa mvuke wa bahari chafu. Mwishoni mwa 1990 bomba jipya lilifunguliwa la kuupeleka uchafu huo mbali chini ya bahari, na fuo zikapumua.

Kwa nini nakueleza haya yote, msomaji, badala ya kukutajia bei? Kwa sababu bei imo humo humo. Feri ni ya umma. Bomba lilijengwa kwa fedha za umma. Mchanga hauna kiingilio wala lango. Waokoaji wanajitolea. Vitu hivi vyote vya wote ndivyo vinavyoifanya nyumba ya mtu mmoja iwe ghali. Leo nyumba ya familia Manly kuuzwa kwa dola milioni tatu za Australia si jambo la kushangaza, na ziko zinazopita hapo mbali. Tuseme dola moja ya huko ni shilingi 80 na ushei. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya shilingi milioni 240, na pengine ni nyumba ya kawaida tu yenye bustani ndogo.

Nyumba nyingi huuzwa kwa mnada, hasa Jumamosi. Dalali husimama mbele ya nyumba, majirani wakija kutazama kama waendao harusini. Anayetaka kununua hujiandikisha kwanza na kupewa namba. Mwenye nyumba ameweka bei yake ya chini, ambayo wanunuzi hawaambiwi. Nyundo ikishagonga, mshindi hutia sahihi na kwa kawaida hulipa asilimia 10 siku hiyo hiyo. Katika jimbo hilo la New South Wales, aliyenunua mnadani hana siku za kujirudi. Majuto ni mjukuu.

Mwanafunzi wetu haruhusiwi hata kuinua mkono. Tangu Aprili 1, 2025 serikali imewakataza wageni, wakiwemo walio na viza ya masomo, kununua nyumba zilizokwisha kukaliwa, marufuku iliyotangazwa kuwa ya miaka miwili. Kwa hiyo kijana atapanga, na hapa ndipo wengi huteleza.

Kodi ya nyumba Australia hutajwa kwa wiki, si kwa mwezi. Ukiambiwa dola 600, usizidishe mara nne ukasema ni 2,400 kwa mwezi. Mwaka una wiki 52. Hesabu kamili ni dola 2,600 kwa mwezi, na hizo 200 za ziada ni zaidi ya shilingi 16,000. Amana nayo isizidi kodi ya wiki nne, na huwekwa kwenye idara ya serikali, haikai mfukoni mwa mwenye nyumba. Kijana adai stakabadhi. Akumbuke pia kwamba tangu Julai 2023, mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 48 tu kwa kila wiki mbili wakati wa muhula.

Kwa kipato hicho, Manly si pa kulala. Wengi wa ndugu zetu Waafrika wanaishi magharibi ya jiji, mathalani Blacktown, ambako ni safari ya zaidi ya saa moja kwa treni na feri. Hawako peke yao. Muuguzi, mwalimu na mhudumu wa mkahawa wa Manly mara nyingi hutoka mbali vile vile. Wanaoufanya mtaa upendeze hawaumudu.

Basi, mzazi, picha ikifika usimwambie mwanao atume pesa kwa kuwa anaishi kwa matajiri. Muulize kwanza: “Unalala wapi, na kodi ni ngapi kwa wiki?” Nawe mwanafunzi, usione haya kuandika nyumbani kwamba chumba chako kiko mbali na bahari. Wikendi nauli ya siku ina kikomo cha chini. Panda feri, uogelee kati ya bendera, kisha urudi kwako. Maji yale ni yako sawa na ya mwenye jumba la mamilioni.