Mshauri wa Shule Asikilize kwa Lugha Gani?

Mwulize mwanafunzi wa sekondari mjini Uvira akutajie wakubwa wa shule yake. Atamtaja prefe, kisha mkuu wa nidhamu. Mshauri, yule tunayemwita konseye kwa kufuata Kifaransa, pengine atamsahau, na akimkumbuka huenda akasema: "Ni ule anatuitaga tukifanya makosa." Maoni yangu ni kwamba kazi ya mshauri wa shule imepotea njia mahali pawili: imechanganywa na adhabu, na inafanywa kwa lugha ambayo mtoto halii kwayo. Hilo la pili linatuhusu sisi wa kitivo cha lugha.

Kwa mpangilio wa elimu ya Kongo, kazi inayojulikana zaidi ya mshauri ni kuelekeza. Mwishoni mwa mwaka wa 8 wa elimu ya msingi mwanafunzi hufanya TENASOSP, mtihani wa taifa wa kuchagua na kuelekeza, kisha huingia katika mkondo: ualimu, sayansi, fasihi, biashara au ufundi. Mkondo huo ataufuata miaka minne mpaka mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Ni uamuzi mzito kwa mtoto wa miaka 14 hivi. Mama yake anayeuza ndagala Kalundu ana swali lake: "Akimaliza hapo, atafanya kazi gani?" Anastahili kujibiwa kwa lugha anayoielewa, tena kabla ya mtihani, si kupewa karatasi ya Kifaransa atie sahihi.

Lakini kuelekeza peke yake hakutoshi katika mji kama wetu. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba na kuua watu. Februari 2025, Bukavu ilipoingia mikononi mwa M23, familia nyingi zilishuka bonde la Ruzizi kuelekea Uvira na Burundi. Upande wa kusini, Fizi, kuna kambi ya Lusenda, ambako watoto wa wakimbizi kutoka Burundi wanakua tangu 2015. Watoto hawa wote huketi darasani na kuulizwa kanuni za hesabu. Shule ndiyo mahali ambapo mtu mzima asiye wa familia huwaona kila siku. Asipowasikiliza yeye, nani mwingine atawasikiliza?

Hapa ndipo lugha inapoleta matatizo. Mtoto wa Uvira akisema "niko na mawazo", hasemi kwamba ana fikra nzuri za kutoa. Anasema hapati usingizi. Anayetafsiri kichwani neno kwa neno kwa Kifaransa atapata "idées", na ataendelea na mambo mengine. Mfano mzito zaidi ni kitenzi "kushika". Msichana akisema "walinishika", anaweza kumaanisha kwamba alikamatwa kwenye kizuizi cha barabarani. Anaweza pia kumaanisha kwamba alishikwa kwa nguvu, na aibu imemzuia kuyasema maneno hayo mawili ya mwisho. Mshauri anayejua lugha atauliza tena, polepole. Asiyejua ataandika "alikamatwa" na kufunga daftari. Dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72 tu baada ya tukio. Saa hizo zinaweza kupotea kwa sababu ya kitenzi kimoja.

Kumbuka pia mtoto huyo anatoka uwanja gani. Sheria ya elimu ya Februari 2014 inakifanya Kifaransa kuwa lugha ya kufundishia, lakini inatambua pia lugha za taifa na za mazingira kama vyombo vya kufundishia na kujifunzia. Hata hivyo, katika shule nyingi mtoto bado huadhibiwa kwa kuongea Kiswahili uani. Wengi wetu tumewahi kubebeshwa simboli. Aliyefundishwa saa nne asubuhi kwamba lugha yake ni kosa hawezi saa tano kuileta ofisini pamoja na siri yake.

Ndiyo maana mshauri hafai kuwa mkono wa mkuu wa nidhamu. Kiswahili chenyewe kinatuonyesha tofauti. "Kuonya" kuna mmoja anayesema na mmoja anayenyamaza. "Kushauriana" kuna kiambishi -an- cha kutendana: pande zote mbili husema. Mshauri anayefanya kazi ya kwanza akiitia jina la pili hatapata siri ya mtu. Yanayosemwa kwake yasifike kwa prefe, isipokuwa pale ambapo uhai au usalama wa mtoto uko hatarini, na mtoto aelezwe sharti hilo kabla hajafungua kinywa.

Kuna watakaonijibu kwamba Kiswahili nacho si lugha ya nyumbani ya kila mtoto. Ni kweli. Uvira kuna Kivira, Kifuliiru, Kibembe, Kinyamulenge, Kirundi. Basi swali la kwanza la mshauri liwe: "Unataka tuongee kwa lugha gani?" Asipoijua, mtoto mwenyewe amchague mtu mzima anayemwamini, asiitwe mwanafunzi mwenzake kutafsiri. Wengine watasema hakuna pesa za kuajiri mshauri. Basi tuanze na mwalimu mmoja aliyefunzwa, apunguziwe vipindi, apewe chumba chenye mlango unaofungwa, na asipewe kazi ya kuadhibu.

Sisi tunaweza kuchangia bila kusubiri wizara. Tunaandika kazi za mwisho wa masomo kuhusu ngeli na vitenzi, nazo zinalala kabatini. Tukusanye misemo ambayo watu wa ufukwe huu, kuanzia Kavimvira hadi Baraka, huitumia kusema huzuni, hofu, njaa na aibu, katika Kiswahili na lugha nyingine za hapa. Tuikusanye kwa wazazi, wauguzi na walimu, si kwa kumhoji mtoto aliyeumia. Kisha tuitoe kwa washauri katika kijitabu cha kurasa chache, pamoja na maana zake na maswali ya kufuatia. Mhadhiri atakayekubali kusimamia kazi hiyo asikose wanafunzi wa kuifanya.