Gari la Nyumbani: Taa Mpya za Nyuma katika Land Rover ya Zamani

Mvua zinapoanza kunyesha kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Mbale, njia za mashambani hugeuka tope jekundu, na gari lishukalo jioni likiwa na mizigo huonekana kwa nyuma kama bonge la udongo linalotembea. Ni katika majira hayo ndipo Sajini mmoja mstaafu wa polisi alipoamua kuziondoa taa za nyuma za Land Rover yake na kutia taa mpya za LED, ambazo aliambiwa na muuza vipuri kwamba zitadumu kuliko gari lenyewe.

Gari hilo ni Defender iliyotumika zamani katika jeshi la Uingereza, naye aliinunua mwaka 2014 kwa fedha za kiinua mgongo chake. Ndilo linalobeba viazi na kahawa ya shamba, ndilo linalowapeleka watoto shuleni muhula unapofunguliwa, na mara nyingi ndilo gari la wagonjwa la kijiji kizima. Taa zake za kale zilikuwa zimechoka. Globu ziliungua kila baada ya safari chache kwa sababu ya mtikisiko, maji yaliingia ndani ya vioo, na pini zilikuwa zimeota kutu ya kijani.

Uamuzi wa Sajini haukuwa mbaya hata kidogo. Globu ya kawaida hutoa nuru kwa kuchoma uzi mwembamba wa chuma, na uzi huo hukatika gari likirukaruka juu ya mawe. Taa ya LED haina uzi. Nuru yake hutoka katika vipande vidogo vya diodi, na kwa bahati njema rangi nyekundu ndiyo iliyotangulia: diodi ya kwanza itoayo nuru nyekundu ionekanayo kwa macho ilitengenezwa na Nick Holonyak nchini Marekani mwaka 1962. Aidha, globu za breki za Land Rover, moja kila upande, hula wati 42 zikiwaka pamoja, ilhali za LED hula wati chache tu. Tena taa ya LED huwaka papo hapo, wakati ambapo uzi wa globu huhitaji takriban sehemu moja ya tano ya sekunde kabla ya kufikia mwanga wake kamili. Muda huo ni mdogo, lakini dereva anayefuata nyuma kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa huwa amekwisha kupita zaidi ya mita 4.

Basi Sajini na kijana wake walifanya kazi hiyo Jumamosi moja uani, kwa bisibisi, koleo na tepu. Kila taa mpya ya breki ilitoka na nyaya tatu: mweupe, mwekundu na wa kahawia. Kwenye pakiti paliandikwa jambo moja tu la kufaa, kwamba mweupe ni wa athi. Upande wa gari palikuwa na waya mwekundu wenye mstari na waya wa kijani wenye mstari wa zambarau. Mzee akaunga mwekundu kwa mwekundu, kisha wa kahawia kwa ule wa kijani. Walipowasha taa, nyuma pakameta kama duka la mjini, na watoto wa jirani wakapiga makofi.

Siku ya tatu, wakati wa usiku, gari lilikuwa likishuka na magunia. Mbuzi alivuka njia, Sajini akakanyaga breki, na mwendesha bodaboda aliyekuwa nyuma yake akaja kugonga bamba la nyuma. Kijana huyo aliumia goti, na kinga ya matope ya pikipiki yake ikapindika. Sajini alishuka akiwa na hasira, kwa maana miaka yake yote ya kazi alikuwa amewaonya waendesha pikipiki wasifuate magari kwa karibu. Lakini kijana alimjibu kwa adabu, "Mzee, sikuona breki. Taa zako ziliwaka vilevile tangu kule juu mpaka nilipokugonga."

Usiku ule ule, walipofika nyumbani, mkewe Sajini alichukua tochi akaenda kusimama nyuma ya gari.

"Baba watoto, kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Kanyaga basi."

"Mama, mguu umefika chini!"

Mama hakuona mabadiliko yoyote. Kisha akamwambia azime taa zote na kukanyaga breki peke yake. Hapo taa ziliwaka, lakini kwa unyonge, mithili ya kaa linalokaribia kuzimika. Kwa maneno mengine, kazi za taa zilikuwa zimepishana. Mkondo wa taa za usiku ulikuwa umeingia katika njia ya mwanga mkali, na mkondo wa breki katika njia ya mwanga hafifu. Usiku, taa ikiwa tayari inawaka kwa ukali wake wote, breki haikuwa na cha kuongeza.

Kosa hili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani, nalo hutokana na kuamini rangi. Viwanda havina desturi moja. Katika magari ya Kiingereza ya mtindo wa Land Rover, kijani chenye mstari wa zambarau ndicho cha breki. Kijani na nyekundu ni indiketa ya kushoto, kijani na nyeupe ni ya kulia, na nyeusi ni athi. Nyekundu katika gari hilo ni ya taa za usiku. Lakini katika taa nyingi za LED zinazouzwa madukani nyekundu ni ya breki, na kahawia ndiyo ya usiku. Kwa hiyo aungaye rangi kwa rangi hufanya kosa huku akijiona mwangalifu.

Kesho yake jirani yao, Koplo wa kikosi cha mawasiliano aliyekuwa likizoni, alikuja kutazama. Swali lake la kwanza halikuhusu rangi.

"Jambo, Afande. Gari hili ni la volti ngapi?"

Swali hilo lilikuwa na sababu. Land Rover zilizoundwa kwa ajili ya jeshi la Uingereza zilikuwa za namna mbili: za kawaida, zenye umeme wa volti 12, na zile zilizotayarishwa kubeba redio, zenye volti 24. Malori makubwa pia kwa kawaida huwa ya volti 24. Taa iliyoandikwa volti 12 ikiunganishwa na umeme wa volti 24 yaweza kuungua mara moja, na fedha zikawa zimepotea. Koplo alifungua chini ya kiti, akaweka kipima umeme kwenye vichwa vya betri, akasoma volti 12 na nukta kidogo. Hapo akaridhika. Mwenye gari la jeshi asikisie kwa kuhesabu betri, kwani betri mbili zaweza kuungwa kwa namna ya kuongeza volti au kwa namna ya kuongeza nguvu tu huku volti zikibaki 12. Kipima umeme ndicho kisemacho kweli.

Baada ya hapo walianza upya. Kila taa ilipimwa kwanza juu ya meza: waya mweupe kwenye hasi ya betri, kisha kila waya uliobaki ukaguswa kwenye chanya kupitia fyuzi ndogo. Uliotoa mwanga mkali ukafungwa kipande cha karatasi kilichoandikwa "breki", na uliotoa mwanga hafifu ukaandikwa "usiku". Upande wa gari walifanya hivyo hivyo kwa taa ya kupimia, kijana akikanyaga breki na kuwasha swichi alipoamriwa. Kazi yote ilichukua nusu saa, na Sajini alinung'unika kidogo kwamba Jumamosi ile nzima ingeokolewa na nusu saa hiyo. Ikumbukwe pia kwamba taa ya LED ina chanya na hasi. Globu huwaka hata nyaya zikigeuzwa, diodi haiwaki.

Maungio yalikuwa aibu ya pili. Tepu iliyozungushwa juu ya nyaya zilizosokotwa haistahimili tope la mlimani hata msimu mmoja. Koplo aliondoa waya wa betri kwanza, kisha akalehemu kila ungio kwa risasi na kulifunika kwa mpira ule unaojibana ukipata joto. Nyaya alizifunga mbali na bomba la moshi na mbali na ncha za mabati.

Jambo la athi lafaa kuelezwa kwa kirefu, maana ndilo linalowasumbua wenye Land Rover wengi. Bodi ya gari hili ni ya bati la alumini, na chesisi yake ni ya chuma. Land Rover ya kwanza ilipotolewa mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu huko Uingereza baada ya vita, na desturi ya alumini ikabaki hadi Defender ya aina ile ilipokoma kuundwa mwaka 2016. Metali hizi mbili zikigusana mahali penye maji, alumini huliwa ikawa unga mweupe, na umeme hauna tena njia njema ya kurudi kwenye betri. Ukizidiwa, umeme hutafuta njia kupitia taa nyingine. Ndipo dereva anapowasha indiketa na taa ya breki nayo ikachezacheza. Wengi hununua taa mpya kwa sababu ya ugonjwa huu, na taa mpya huugua vilevile. Koplo alivuta waya mmoja wa athi kutoka taa za kila upande hadi kwenye chesisi, akapasugua pale mpaka pakang'aa, akakaza kwa bolti na kupaka grisi juu yake.

Ilibaki indiketa. Tangu Jumamosi ya kwanza zilikuwa zikipepesa upesi upesi kama mtu aliyeingiwa na mchanga machoni, na Sajini alidhani ndiyo fahari ya taa za kisasa. Sivyo. Fulasha ya kale hupima mkondo wa umeme. Ilizoea globu mbili za wati 21 na ile ndogo ya ubavuni ya wati 5, jumla wati 47. Globu ya nyuma ilipoondolewa na mahali pake pakawa na LED ya wati chache, fulasha ilidhani globu imeungua, ikaharakisha ili kumwonya dereva. Kanuni za kimataifa zataka indiketa ipepese kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Za Sajini, mama alizihesabu kwa saa ya mkononi, zilipita 150.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kuongeza rezista sambamba na taa, ili fulasha ione mzigo kama wa zamani. Rezista ya omu 6 katika umeme wa volti 12 huvuta ampea 2, yaani wati 24, na wati hizo zote hugeuka joto. Isifungwe kamwe juu ya plastiki wala karibu na nyaya; mahali pake ni juu ya bati tupu. Na anayeichukua rezista hiyo hiyo akaitia katika gari la volti 24 huvuta wati 96, jambo ambalo ni kuwasha jiko ndani ya gari. Dawa ya pili ni kubadili fulasha yenyewe na kuweka ya kielektroniki isiyojali mkondo. Hii ndiyo bora, kwani rezista hula ule umeme ambao LED ilikuja kuuokoa. Sajini aliichagua hiyo. Alama za pini zilitazamwa kabla ya kuichomeka: 49 ni umeme uingiao, 49a ni uendao kwenye taa, 31 ni athi. Fulasha za Kijapani huandikwa B, L na E, na mpangilio wa pini zake huenda usifanane.

Mama watoto ndiye aliyegundua upungufu wa mwisho. Taa za kale zilipoondolewa, akisimama mbali na tochi, aliona kwamba nyuma ya gari hapakuwa tena na kitu kinachorudisha nuru. Gari likiharibika njiani usiku na betri ikafa, taa za LED hazisaidii chochote, bali vioo vyekundu vya kuakisi husaidia. Vikanunuliwa viwili, vikafungwa pembeni. Anayenunua taa zake atazame pia kama zina alama ya herufi E iliyo ndani ya duara pamoja na namba, ishara kwamba zimepimwa kwa kanuni za Umoja wa Mataifa, na kama zimeandikwa IP67, maana yake haziingii vumbi na huvumilia kuzama katika maji ya kina cha mita moja kwa nusu saa. Kuhusu vile vioo vyeusi ambavyo vijana huvipenda sana siku hizi, heri kutokuwa na la kusema, ila askari wa barabarani wanavijua.

Tope, hata hivyo, halijali LED wala globu. Taa hizi hazipati moto wa kukausha udongo, nao hushikamana juu yake. Sasa katika Land Rover ile hukaa chupa ya maji na kitambaa nyuma ya kiti, na mtoto wa pili ndiye mwenye kazi ya kufuta kila wanapofika barabara ya lami.

Sajini alilipia kinga ya matope ya pikipiki na dawa za goti. Wiki mbili baadaye alimwomba yule kijana wa bodaboda amfuate tena usiku, mteremko ule ule, safari hii kwa umbali wa kutosha, na akakanyaga breki mara tatu kwenye kona. Walipofika chini kijana alizima pikipiki, akavua kofia ya chuma, akasema ya kwanza ilimchoma macho hata akadhani gari limesimama kabisa.

"Na indiketa?" akauliza mama kutoka dirishani.

"Ya kushoto nimeiona, Mama. Ya kulia ina tope."

Mtoto wa pili akateremka na kitambaa chake.