Butembo na Beni zinahitaji riwaya

Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, Ebola iliua watu zaidi ya 2,200 katika eneo letu, na Beni na Butembo ziliumia sana. Ilisemwa kwamba ugonjwa umetengenezwa, kwamba watu wa riposte, yaani timu za kupambana na Ebola, wamefuata pesa. Uchaguzi ulipoahirishwa katika miji hii miwili Desemba 2018, Ebola ikitajwa miongoni mwa sababu, wengi walipata ushahidi waliouhitaji. Februari 2019 vituo vya tiba vya Katwa na Butembo vikashambuliwa. Mashaka hayo hayakutoka hewani: raia wa Beni walikuwa wakichinjwa tangu 2014 bila kuona msaada mkubwa kama ule ulioletwa kwa ajili ya Ebola. Hata hivyo, uvumi nao ni hadithi, na daktari aliye ndani ya hadithi hiyo hana woga wala watoto wanaomngoja nyumbani. Ana nia mbaya tu. Riwaya nzuri humpa hata adui moyo wake na sababu zake. Anayezoea kusoma hivyo hujizoeza kuuliza, kabla ya kuhukumu, mwenzake anaona nini.

Ushahidi kwamba hadithi zinaweza kubadilisha jamii upo, ingawa una mipaka. Nchini Rwanda, mtafiti Elizabeth Levy Paluck alichunguza mchezo wa redio Musekeweya. Katika matokeo yaliyochapishwa 2009, imani za wasikilizaji hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni jinsi walivyoona mwenendo unaokubalika katika jamii, na ujasiri wao wa kutoa maoni tofauti. Kwetu mashariki mwa Kongo, alikuta kwamba kipindi cha mjadala kilichoongezwa baada ya mchezo Kumbuka Kesho kiliwapunguzia watu uvumilivu. Kumbe kuwaambia watu wajadiliane hakutoshi.

Atasema mtu kwamba redio si kitabu, na kwamba jaribio maarufu la 2013, lililodai kurasa chache za fasihi hunoa uwezo wa kuelewa wengine, halikuthibitika liliporudiwa. Ni kweli. Lakini dakika chache na dondoo moja si sawa na kuishi na wahusika kwa majuma. Atasema pia kwamba usalama hutangulia. Bila shaka, ila jamii isiyoaminiana hata daktari wake inaweza kumfukuza.

Vitabu ni ghali, na vingi viko kwa Kifaransa. Redio zetu tayari zinazungumza Kiswahili: wakurugenzi wake, tengeni nusu saa kila jioni, msome riwaya sura kwa sura mpaka iishe.